Kando ya Reli Kuna Nani

Baba yangu alizikwa siku niliyokuwa Venice, na Laini Saba nzima, mtaa wetu wa Kibera, ilijua niko Venice. Aliyekuwa hajui kuna mazishi ni mimi peke yangu. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimechoka kulieleza mwishoni, wakati anayenisikiliza ameshaamua mimi ni mtoto wa aina gani.

Baba alikuwa fundi wa majiko. Alikata mabati ya madebe makuukuu, akayakunja, akayagonga, na mlio wa nyundo yake ndio ulionilea. Kibanda chake kilikuwa kando ya reli, karibu nayo kiasi kwamba treni ikipiga honi ilimbidi avute miguu, aondoe majiko ya mstari wa mbele, aache mabehewa yapite, kisha ayarudishe palepale. Majirani wote hufanya hivyo hadi leo: mama wa nyanya, muuza mitumba, jamaa wa chaja za simu. Hakuna anayeshtuka. Baba aliishi kando ya reli hiyo tangu kabla sijazaliwa na hakuwahi kupanda treni hata siku moja. Ukimuuliza sababu alicheka. "Treni ni jirani," alisema. "Sasa jirani unampandaje?"

Nilipopata nafasi ya kusoma Ujerumani, maombi ya kuniaga yalifanyiwa Kawangware, nyumbani kwa baba mdogo, yaani ndugu yake baba. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, na ndiye mwenye neno la mwisho katika familia yetu, hata kwa mambo yasiyomhusu. Aliomba mpaka chai ikapoa. Akasema mimi sasa ni macho ya ukoo. Baba yeye alingoja watu watoke, akanivuta pembeni.

"Omera, usinitumie picha za maghorofa," aliniambia, akiniita ndugu kwa Kijaluo. "Ghorofa naona Nyayo Highrise kila asubuhi. Nitumie reli. Na uniambie kando yake kuna nani."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa. Nilipotuma picha ya reli ya kwanza, ya mji niliokuwa nikisomea, alinijibu kwa sauti aliyorekodi, kelele za mafundi wenzake zikiwa nyuma yake: "Kando kuna nani?" Nikamwambia hakuna mtu, ni nyasi na ua wa waya. Akarekodi tena. "Hakuna hata mama wa sukuma wiki? Na hiyo nafasi yote? Hao watu wanacheza." Tukaendelea hivyo mwaka mzima, mimi na reli, yeye na swali lake. Hakuwahi kupokea reli asiulize.

Likizo ilipofika, wanafunzi wenzangu wawili, kijana wa India na msichana wa Poland, walinishawishi tuzunguke miji kwa mabasi na treni za bei ya chini: Prague, Vienna, Budapest, halafu Venice. Nilisita. Baba alikuwa ameanza kukohoa sana, na moshi wa makaa ulikuwa umemkaa kifuani kwa miaka mingi. Nikampigia simu. Akasema niende, na nisipoenda yeye na mimi tutakosana.

"Mimi niko sawa. Enda uone," alisema. "Ila kila stesheni, reli yangu."

Prague tulilala kwenye bweni la wasafiri, vitanda vya ghorofa, soksi zimeanikwa kila mahali. Jamaa mmoja wa kitanda cha juu aliposikia nimetoka Kibera alifurahi kama aliyeokota kitu. Alikuwa amewahi kuja kututembelea, yeye na watalii wenzake wamepangwa mstari nyuma ya kiongozi, na picha alikuwa nazo. Akanionyesha reli yetu. Watu walikuwa wamejaa kando yake, wengine wameangalia kamera, wengine wameficha nyuso. Akaniuliza kama nahisi vizuri kuona nyumbani. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu saa nyingine ndiyo ni njia ya kumnyamazisha mtu. Kesho yake nilipokuwa nimepiga magoti stesheni nikipiga picha reli tupu, nilifikiri kwamba yeye amesafiri kote kule kupiga picha ya watu wetu, na mimi nimesafiri kote huku kupiga picha ya mahali pasipo na watu. Hata hivyo baba aliipenda. Akarekodi: "Hii ya Prague ina kutu kama yetu. Kando kuna nani?" Nikamwambia kuna mlevi amelala kwenye benchi. Akacheka mpaka akakohoa. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichopata, na nilikipokea nikiwa kwenye foleni ya choo cha kulipia.

Usiku huo kifua kilimbana. Majirani walimbeba hadi barabarani kutafuta gari, na akakata roho kabla hawajafika hospitali. Asubuhi baba mdogo alifika kutoka Kawangware, akaketi na mama, akatoa amri. Kijana asiambiwe. Yuko safarini, atachanganyikiwa, ataacha masomo arudi, na akirudi hatuna njia ya kumpeleka tena. Ataambiwa akimaliza mitihani.

Kwetu hilo si jambo geni. Aliye mbali hapewi habari ya kifo mpaka asogee karibu, na wanaomficha huamini kabisa kwamba wanampenda. Nikiwa mtoto niliwahi kukaa sebuleni nikisikia shangazi akiambiwa kwa simu kuwa babu anaendelea vizuri, na babu yuko mochari. Wote chumbani walitikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nakula mkate na sikuona ubaya wowote. Sasa ndio najua upande ule mwingine wa simu ulivyo, na sitaki mtu aniambie ni mila. Mila hiyo ilianza wakati habari zilisafiri kwa basi. Siku hizi mkimficha mtu, yeye peke yake ndiye anayefichwa, maana yeye mwenyewe mnaendelea kumwona kila saa.

Na waliniona. Nilikuwa na tabia ya kuweka picha kwenye stetasi, pale kwenye simu ambapo kila aliye na namba yako anaona unavyoendelea. Reli nilimtumia baba peke yake. Stetasi ilikuwa ya watu wote: mimi mbele ya kanisa, mimi na sahani ya chakula, mimi na wenzangu tumetoa ulimi. Matanga yalikuwa yakikaliwa kila jioni Kawangware kwa baba mdogo, chini ya turubai, watu wakiimba na kuchanga. Na mikononi mwao nilikuwa nacheka.

Vienna nilipata shida. Stesheni yao ni safi kiasi kwamba unaogopa kukohoa, na nilikuwa nimechuchumaa ukingoni nikitafuta reli ikae sawa kwenye picha. Walinzi wawili walinijia. Walitaka pasipoti. Walitaka kujua kwa nini mtu anapiga picha ya reli na si ya treni, wala si yake mwenyewe. Wazungu waliokuwa wakipiga picha hapo karibu nami hawakuulizwa chochote.

"Ni za baba yangu," niliwaambia. "Anapenda reli."

Anapenda, nilisema. Walipekua simu yangu, wakaona reli tupu moja baada ya nyingine, wakaangaliana, wakanirudishia. Nilikasirika siku nzima. Nilimwandikia baba kisa chote nikijua atacheka. Tiki mbili zikawa bluu, na jibu likaja: dole gumba. Mchoro wa dole gumba tu, lile la kusema sawa.

Nilipiga simu yake, haikushikwa. Nikampigia mama. Mama ni mtu wa Vihiga, anaongea polepole, na uongo ukitoka kinywani mwake unatoka umevaa vizuri kama watu wa kanisa.

"Amelala," alisema. "Na simu yake imeharibika maiki. Hawezi kuongea wala kurekodi. Lakini picha anaziona, usiache kutuma."

Nilimwamini. Ungekuwa wewe ungemwamini pia. Nikaangalia orodha ya walioona stetasi yangu na jina la baba lilikuwamo, juu kabisa, kati ya wa kwanza. Nikaona sawa, mzee ananifuata. Budapest nikatuma reli nyingine. Dole gumba. Nikaandika, "Leo huulizi kando kuna nani?" Dole gumba. Nikaumia, na nitasema ukweli, nilimkasirikia. Nilifikiri amechoka na mchezo wetu. Nilifikiri ndivyo wazazi wanavyozoea mtoto kuwa mbali mpaka habari zake zinakuwa za kujibiwa kwa kidole.

Kuingia Venice treni hupita juu ya bahari, kwenye daraja refu lililo chini sana, maji huku na maji huku. Nilisimama dirishani nikiwa na furaha ya kitoto. Nilijua hii lazima imtoe maneno. Tulipofika nilipiga picha ya reli zinapoishia, nikaandika: "Baba, hapa kando ya reli kuna samaki. Nikikuletea sufuria unaweza kuanza biashara." Nikangoja. Dole gumba likaja. Basi nikaiweka simu mfukoni, nikawafuata wenzangu. Tukapanda boti ya abiria, tukanunua aiskrimu, ndege wa baharini akashuka akanyakua kipande cha koni mkononi mwangu, na msichana wa Poland akacheka mpaka akaniangukia begani. Kijana wa India akatupiga picha wakati huohuo. Ilikuwa picha nzuri sana. Nikaiweka stetasi.

Wakati huo jeneza lilikuwa linateremshwa kule kijijini kwetu, karibu na ziwa.

Asubuhi yake nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za stesheni nikingoja wenzangu, simu ikalia. Alikuwa rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya msingi, sasa anachomea vyuma Laini Saba. Aliandika kwa Sheng yetu, ambamo buda ni baba: "Niaje bro. Pole sana kwa msiba. Lakini nikuambie tu kama beste, hiyo haikuwa poa. Sisi tuko matanga wewe uko Vienna. Jana buda anawekwa kwa shimo, wewe uko kwa boti na dem unalamba aiskrimu. Watu wameongea vibaya. Mimi nimekutetea mpaka nimechoka."

Nikamjibu, "Buda wa nani?"

Niliona anaandika, anaacha, anaandika tena. Kisha: "Woi. Hawakukushow?"

Sijui niliinukaje. Najua nilikuwa nimesimama na simu sikioni, na mama hakusema hata halo, alianza kulia palepale, na ndipo nilipoamini. Kisha nikasikia simu ikichukuliwa, na sauti ya baba mdogo ikaingia, ile sauti yake ya kufungua ibada.

"Kijana, kuwa mwanaume," alisema. "Tulikulinda."

"Mchanga wangu alitupa nani?" nilimuuliza. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye hutupa mchanga wa kwanza juu ya baba yake. Sikuwa na swali lingine kichwani.

"Mimi. Nilitupa kwa niaba yako. Na salamu zako nilitoa."

"Salamu gani?"

"Za rambirambi. Nilisema umepata habari, unalia huko uliko, masomo yamekubana, na umeniomba nikuwakilishe. Ulitaka nisimame kwa maiki niseme hatujakuambia? Watu wangetuonaje?"

Ndivyo alivyofanya. Alisimama mbele ya jeneza la baba, akashika maiki, akasema mimi najua na nalia. Na chini ya hema, watu wakatoa simu zao wakaniona kwenye boti. Angesema tu hajaniambia, ningekuwa maskini wa Mungu anayefichwa. Angenyamaza, wangejiuliza. Alichagua maneno ambayo yalinifanya mnyama, kwa sababu hayo ndiyo yaliyomwacha yeye akiwa safi.

Nilikata simu. Mbele yangu mji ulikuwa unaendelea na urembo wake. Mume na mke fulani, wazee, wakanijia wakitabasamu, wakaniomba niwapige picha na maji nyuma yao. Machozi yalikuwa yananishuka na hawakuyaona, au waliyaona wakafikiri ni jua. Niliwapiga. Niliwapiga mara mbili, mara ya kwanza bibi alikuwa amefumba macho. Kisha nikapanda treni ya kurudi, na njia nzima sikuangalia reli.

Nilirudi nyumbani mitihani ilipoisha, tiketi nikiwa nimeitafuta kwa kuosha vyombo hotelini. Nilishukia Laini Saba na begi langu, na mama anayeuza samaki wa kukaanga jirani na kibanda cha baba, aliyekuwa akinipa vichwa vya samaki nikitoka shule, aliniangalia kutoka viatu hadi nywele.

"Umefika, mzungu," alisema. "Boti ilikuwa tamu?"

Nilimweleza. Nilimweleza kila kitu, nimesimama juani. Alisikiliza akigeuza samaki wake, kisha akasema, "Lakini tulikusikia kwa maiki. Mzee wa kanisa atadanganya juu ya jeneza?" Akanifungia samaki kwenye gazeti. Hakunitazama tena.

Nilienda kijijini, kaburini. Kwetu aliyekosa mazishi huingia boma akilia kwa sauti tangu langoni, aende moja kwa moja hadi kaburini kabla hajasalimia mtu. Watu walikuwa wamekaa chini ya miti wakingoja kuona nitaliaje. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nilipita katikati yao nimekauka, na nikasikia mmoja akisema labda nimeshamaliza machozi yote Ulaya. Hata kulia waliniharibia.

Ndipo nikaenda Kawangware. Baba mdogo alinipokea kwa maombi, nikangoja aseme amina. Nikamwambia nataka jambo moja tu. Siku ya kumbukumbu, watu wa Laini Saba wakiwa wote, asimame aseme kwamba sikuambiwa. Sentensi moja inatosha.

"Unataka niseme nilidanganya mbele ya maiti?" aliuliza.

"Nataka useme ukweli mbele ya walio hai."

"Wewe umesoma," alisema. "Haya mambo yatakutoka. Mimi kanisani nitabaki hapahapa." Akaita chai. Nilitoka bila kuinywa, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye neno la mwisho, hilo ndilo lililobaki kuwa la mwisho. Kumbukumbu ilifanyika, akaomba, watu wakala wali, wakatawanyika wakiwa na picha ileile yangu.

Kwa mama nilikuwa nimeacha swali moja makusudi, kwa sababu nilijua jibu. Nilimkuta kwenye kibanda cha baba, amekaa kwenye kigoda chake. Alikuwa akimaliza kuuza majiko yaliyobaki, na nusu ya nafasi alikuwa ameshampa jamaa wa chaja. Nikamuuliza ni nani alikuwa akinijibu kwa simu ya baba.

"Ni mimi," alisema. Alisugua goti lake. "Baba yako alikuwa na maneno yake, mimi siyajui. Ningeandika nini? Nikaona niweke tu hicho kidole, usiwe na wasiwasi."

"Na siku ya mazishi?"

"Picha ilikuja tukiwa kaburini. Simu ilitetemeka kwa mfuko wa aproni. Nikaogopa usipojibiwa utapiga simu."

Nilimpigia kelele. Nilimpigia kelele mama yangu mbele ya reli nzima, jamaa wa chaja akajifanya anafunga nyaya. Nilimwambia asiwahi tena kunijibu kwa mkono wa maiti. Nilimwambia aiskrimu ile ameniwekea mdomoni yeye. Hakujitetea. Alichukua jiko moja akalipangusa vumbi, akaliweka chini, akalipangusa tena.

Treni ikapiga honi. Tukafanya kama kawaida, mimi na yeye, tukavuta majiko, tukabana miguu, mabehewa yakapita mbele ya magoti yetu na nyuso za watu dirishani. Ilipoisha, watu walirudi kwenye nafasi zao kabla hata sijashusha jiko nililoshika. Mama wa samaki, wa nyanya, wa mitumba, wote. Nikatoa simu nikapiga picha, reli ikiwa katikati, watu huku na huku. Hiyo ndiyo reli pekee ambayo sikuwahi kumtumia. Nikaandika, "Baba, kando kuna watu wote. Wewe tu ndio hauko." Nikaituma kwa namba yake. Kwa nini, sijui. Nilidhani simu ile ilishazimwa.

Ikatetemeka kwenye aproni ya mama.

Aliitoa. Aliangalia kioo chake kilichopasuka, akaangalia uso wangu. Kwenye simu yangu tiki mbili zikawa bluu. Kidole chake kilisimama juu ya kioo. Nilikuwa nimemkataza kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa Soweto East, na sasa nimesimama pale, naomba moyoni alibonyeze tu, mara moja ya mwisho, lile dole la uongo.

Mama alizima simu, akairudisha mfukoni. Kisha akainuka kumhudumia mteja.